Zoezi la Jumamosi: kuwasha flashi iliyo mbali na kamera

Wapendwa wanakikundi, habari za jioni. Zoezi letu la kupiga picha za sura nyumbani litafanyika Jumamosi hii, saa nne kamili asubuhi, sebuleni kwangu, na kwa kuwa tuna saa mbili tu, naomba kila mmoja afike na vifaa alivyokwisha kuvijaribu.

1. Transmita ya juu ya kamera (kifaa kinachotuma ishara ya redio ya kuwasha flashi) na risiva ya flashi (kinachoipokea ishara hiyo) ziwe kwenye chaneli moja, na betri ziwe zimejaa.

2. Kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuruhusu mwanga) isizidi sekunde 1/200, kwani kwa kamera nyingi ukipita hapo picha hutoka na utepe mweusi upande mmoja.

3. Anayetegemea jicho la flashi (kihisi kinachoiwasha kikiona mmweko wa flashi nyingine) badala ya redio apange nguvu ya flashi zote mbili, ya kwenye kamera na ya mbali, kwa mkono. La sivyo, mmweko wa awali wa kupima mwanga utaiwasha flashi ya pili kabla shata haijafunguka, jambo linalowasumbua wengi bila wao kujua chanzo chake.

Stendi na mwavuli mweupe ninavyo. Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, mkitaja aina ya kamera, ili nijue nani wa kuazimwa transmita.