Barua ya Wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Hata Miaka 18 Haijalindwa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kilifi. Nakuandikia kwa heshima, ingawa uvumilivu umeniishia.

Julai 2025 serikali ilitangaza sera ya kupandisha umri wa kunywa pombe kutoka miaka 18 hadi 21. Nilisikia redioni nikamshukuru Mungu. Wiki iliyopita mwanangu wa miaka 16 aliletwa kwa bodaboda hajitambui, sare ya shule imerowa matapishi. Alikuwa ametoka mangwe, kilabu cha pombe ya mnazi, saa nne asubuhi! Sheria ya pombe ya mwaka 2010 inasema baa zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi. Usiku kucha nilikaa kando ya kitanda cha hospitali nikisikiliza kama bado anapumua.

Mnazi si mgeni kwetu. Wazee waliugema, na harusi na matanga hayakukamilika bila huo. Lakini mtoto akifika na kibuyu, mgema alimuuliza ametumwa na nani. Siku hizi haulizwi. Mradi ana pesa, anapimiwa, na akitaka kikali zaidi, pombe ya chupa iko hapo hapo.

Sheria hiyo hiyo ya 2010 inakataza leseni ya pombe ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Muziki wa mangwe ile unasikika darasani. Nilikwenda kwa mkubwa wa eneo, nikaambiwa leseni ni kazi ya kaunti. Kaunti wakaniambia msako ni kazi ya polisi. Polisi wakanirudisha kwa yule yule wa kwanza. Sina ushahidi, ila naamini kuna mtu anapewa chochote, maana kila siku ya msako mangwe huwa imefungwa tangu alfajiri. Nani huwaambia?

Mwaka 2024 watu walikufa Kirinyaga kwa pombe yenye sumu, na serikali ikatangaza amri kali nchi nzima. Huku kwetu amri hizo zilifika redioni tu.

Pandisheni umri hadi 21, nitaunga mkono. Lakini wa miaka 16 asipoulizwa kitambulisho leo, wa miaka 20 atakuja kuulizwa na nani?

Naomba jambo moja, Mheshimiwa. Mita 300 zipimwe. Zipimwe kutoka lango la shule yetu, na kila kinachouza pombe ndani yake kifungwe. Mwanangu anarudi shuleni Jumatatu, na njia ni ile ile moja. Naomba zipimwe kabla ya Jumatatu.

Mimi mzazi,
Kilifi