Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Sukari Tunaipima, Je Presha?

Ndugu wanachama wa kikundi chetu cha wenye kisukari,

Mapato na matumizi atayasoma mhazini. Mimi nataka tuongelee presha, maana hapo tulijisahau. Kila tukikutana hapa Mwanjelwa, Mbeya, salamu yetu ni "Leo yako ngapi?", na kila mtu anajua ni sukari inayoulizwa. Kumbe kiharusi, tunachokiogopa wote, mlango wake mkubwa ni presha. Mwenye kisukari hatari yake tayari inakaribia mara mbili ya asiye nacho. Presha ikikaa juu ya 130 kwa 80, inazidi. Ndiyo maana mwaka huu mashine zote mbili zilikaa meza moja.

Mezani pale nimejionea: dawa za presha wengi wetu tunaziacha tukijisikia nafuu. Jamani, presha haiumi! Mtu ana 170 na anapima mchele wa Kyela sokoni huku anapiga soga.

Asubuhi moja ya baridi ya Juni, mama mmoja alianza kuongea kwa ulimi mzito, mkono wa kulia umelegea, jasho linamtiririka kwenye baridi ile. Vijana wakaita bajaji. Minong'ono ya kurogwa nayo haikuchelewa. Muuguzi wetu akamtoboa kidole: sukari 2.6, imeshuka mno. Alikuwa amemeza dawa ya sukari akatoka nyumbani bila kula. Kwa kuwa alikuwa bado anameza vizuri, akapewa vijiko vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Baada ya robo saa akauliza kikapu chake kiko wapi. Hospitali alipelekwa vilevile.

Sukari ikishuka sana huweza kujifanya kiharusi, kwa hiyo tupime, ila kupima kusicheleweshe safari. Kikiwa kiharusi kweli, sindano ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale ilipo, mwisho wake ni muda wa saa nne na nusu tangu dalili zianze, na picha ya kichwa lazima itangulie. Wa Tukuyu hesabuni na barabara.

Kuna kosa pia. Kikopo cha vijiti vya kupimia sukari kiliachwa wazi wakati wa mvua, vikaingia unyevu, vikatoa namba za ajabu. Tumevitupa, mimi na katibu tumevilipa.

Kwa ajili ya presha, chumvi ya mezani tumeiondoa kwenye chakula cha mikutano. Kelele zimepungua.

Ada zikikamilika tutanunua mkanda mpana wa mashine ya presha. Uliopo hauwaenei wenye mikono minene, na mkanda ukibana unampa mtu presha asiyokuwa nayo.