Wamemaliza kozi wote, mbona makosa ni yale yale?

Sisi tunatengeneza kozi za mtandaoni za kufundishia wafanyakazi, na wateja wetu wengi wanaanza na swali moja: jamani hizi kozi za mtandaoni zinasaidia kweli au ni kutupa hela? Zinasaidia, ila sio kwa sababu ziko mtandaoni. Wizara ya Elimu ya Marekani iliwahi kukusanya tafiti kibao, ripoti ikatoka 2009 na ikarekebishwa 2010, ikaonekana waliochanganya darasa na mtandao walifanya vizuri kuliko wa darasani peke yake, lakini ripoti hiyo hiyo ikatahadharisha kwamba mara nyingi hao walikuwa wamepata muda zaidi na vifaa zaidi vya kujifunzia, kwa hiyo sifa zote usiupe mtandao.

Shida tunayokutana nayo sana ni hii, bosi anafungua ripoti anakuta kijani tupu, kila mtu kamaliza, vyeti vimetoka, basi anaridhika. Sasa kaa pembeni ya mfanyakazi mmoja uone inavyokwenda. Video inacheza kwenye dirisha lingine sauti kaizima, yeye anajibu meseji za wateja, akikumbuka anarudi anabonyeza "endelea", akifika kwenye maswali anachagua jibu refu kuliko yote maana mara nyingi ndo lenyewe (na kweli, sisi tunaotunga maswali tuna huo ugonjwa). Wala simlaumu, umempa kozi ya saa nzima na kazi za siku hujampunguzia hata moja!

Halafu kuna kusahau. Mwaka 2006 watafiti wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wayasome, wengine wakayarudia kusoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa juu, baada ya wiki moja mambo yakageuka, waliojilazimisha kukumbuka ndo wakabaki na vitu kichwani. Ndo maana mtihani wa papo hapo mwisho wa kozi unadanganya, na sisi siku hizi tunakata somo vipande vifupi halafu swali linakuja kwenye simu siku kadhaa baadaye, tena swali la kazini kabisa: mteja karudisha bidhaa, risiti hana, boksi limefunguliwa, unafanyaje? Watu wanalalamika mwanzoni, wanasema si tulishamaliza hiyo.

Kuna vitu hatuviuzi mtandaoni peke yake hata ukilipa. Kuendesha mashine, kumtuliza mteja aliyewaka, hivyo mtu lazima avifanye huku mwenzake mzoefu anamwangalia na kumrekebisha. Sheria za kampuni, usalama wa data, kutumia programu mpya, hapo mtandao uko poa sana, hasa kama wafanyakazi wako wametawanyika na zamu hazifanani.

Kwa hiyo ukitutafuta, kabla ya bei tutakuuliza ni kosa gani linajirudia kazini kwako na linatokea mara ngapi kwa mwezi, tuliandike, tulihesabu tena miezi mitatu baada ya mafunzo. Na kama kosa lenyewe linatokana na fomu inayochanganya watu au mfumo unaoganda kila saa, tutakwambia urekebishe hiyo fomu kwanza, kozi huihitaji.