Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: kuhamisha seva ya kamusi yetu ya Kiha

Ndugu wanachama, na wazee wetu mliotoka Kasulu, Buhigwe na Kibondo kuja kukaa nasi hapa Mwanga, Kigoma, shikamooni.

Mambo ya kawaida ya mwaka 2024 nayapitia haraka, maana katibu ameyaandika vizuri kwenye karatasi mlizonazo. Tumepata wanachama wapya 6, sasa tuko 41. Msimbo wa kamusi yetu ya mtandaoni, yaani maandishi ya programu inayoiendesha, bado ni huria, anayeutaka auchukue autumie. Kikoa, yaani jina la tovuti yetu kwenye intaneti, ambacho tangu mwanzo kilisajiliwa kwa jina la mtu mmoja, sasa ni mali ya chama. Muda uliobaki nauomba kwa ajili ya seva, ile kompyuta ya kukodi inayoihifadhi kamusi na kuitoa mtandaoni.

Seva yetu iko Ulaya na inatumia CentOS 7, mfumo endeshi ulioacha kupata marekebisho ya usalama tarehe 30 Juni 2024. Tangu siku hiyo, tundu jipya likigunduliwa halizibwi. Hilo peke yake lingetosha kutuhamisha. Lakini wengi wenu mnaikumbuka zaidi Jumapili ya tarehe 12 Mei, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota nchini. Mwalimu wa Kasulu akashindwa kufungua kamusi ya lugha anayoisikia sokoni kila siku, kwa kuwa kamusi yenyewe iko ng'ambo. Kwa hiyo kamati inapendekeza seva mpya iwe Dar es Salaam, na ng'ambo ibaki nakala ya akiba tu.

Lipo na suala la dola. Tunalipa dola 20 kwa mwezi. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa chini ya sh. 2,400, katikati ya 2024 ilishapita 2,600. Mwenye seva hakuongeza bei hata senti, lakini mweka hazina alitoa zaidi. Seva ya Dar tutailipa kwa shilingi.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini. Kwa miaka yote tumekuwa tukichukua nakala ya akiba kila wiki, na hatukuwahi hata mara moja kujaribu kuirudisha. Mwezi wa 8 vijana wetu wawili walikaa Gungu siku mbili wakaijaribu kwenye kompyuta ndogo. Maneno yalirudi, lakini alama za toni zote ziligeuka takataka, kwa sababu hifadhidata yetu ya zamani ilipangiwa mfumo wa herufi usiozijua alama hizo. Kiswahili hakina toni. Kiha kinayo, na neno likipandishwa au kushushwa sauti huweza kubadilika maana kabisa. Kamusi ya Kiha isiyo na toni ni orodha ya maneno nusu. Kama seva ingekufa mwezi wa 7, hicho ndicho tungebaki nacho. Nililia siku ile, sifichi. Kasoro imerekebishwa, tumerudia jaribio mara tatu, na nakala imerudi salama.

Ndiyo maana nasimama imara kwenye fungu lililopingwa sana katika kamati: kulipia seva mbili kwa miezi miwili. Aliyeuliza kwa nini tulipe nyumba mbili tukilala moja aliuliza swali la haki. Jibu ni hili. Tukilielekeza jina la tovuti kwenye seva mpya, mitandao mingine huendelea kuikumbuka anwani ya seva ya zamani. Sasa hivi tumeiruhusu ikumbukwe kwa saa 24. Siku mbili kabla ya kuhama tutaupunguza muda huo uwe dakika 5. Hata hivyo wapo watakaochelewa kufika kwenye seva mpya. Kwa hiyo ile ya zamani itabaki wazi kwa kusoma tu, mtu asije akaongeza neno kule likapotea. Na rekodi za sauti za wazee, gigabaiti 38, zitatoka seva hadi seva moja kwa moja, bila kupitia bando la mtu hapa Kigoma. Wanne kati ya wazee hao wametangulia mbele ya haki. Sauti zao haziwezi kurekodiwa upya, na sitakubali kuifunga seva ya zamani kabla kila faili halijahesabiwa na kusikilizwa.

Hesabu ni hii. Seva mpya sh. 55,000 kwa mwezi, yaani 660,000 kwa mwaka. Seva ya zamani miezi miwili sh. 108,000, tukikadiria dola kwa 2,700 ili tusishtukizwe. Hifadhi ya nakala ng'ambo sh. 180,000. Nauli, chakula na bando la mafundi sh. 120,000. Dharura asilimia 10, sh. 106,800. Jumla sh. 1,174,800.

Ada ni sh. 30,000, na wanachama 29 wamelipa: sh. 870,000. Pengo ni sh. 304,800. Kumi na wawili waliobaki wakilipa, pengo linazibika na zinabaki sh. 55,200, mwezi mzima wa seva.

Tunapanga kuhama usiku wa Ijumaa, wakati wa likizo ya mwezi wa 6, walimu na wanafunzi wakiwa wamepumzika. Tunahitaji watu 4 wanaokifahamu Kiha vizuri wakae na mafundi hadi asubuhi, wasikilize rekodi na kukagua toni. Daftari la majina liko kwa katibu, pale mlangoni.