Usiseme Kigoma

Tandika, Dar es Salaam

Mwanangu Neema,

Mama yako kanieleza ulivyojibu kule ulikokwenda kuomba kitambulisho. Ulipoulizwa baba yako kazaliwa wapi, ukasema Kigoma. Usiku ule sikupata usingizi.

Nimezaliwa Burundi, unajua. Mwaka 1972 bibi yako alikimbia mauaji dhidi yetu Wahutu akiwa amenibeba mgongoni, tukafikia Ulyankulu, Tabora. Palikuwa pori. Tumbaku tuliyolima pale ndiyo iliyonisomesha.

Najua karani akishasikia Burundi macho yanabadilika. Yamenipata mara nyingi. Hata hivyo sheria yenyewe ya uraia ina historia ambayo ningependa uibebe.

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, wabunge wa Tanganyika walijadili nani awe raia. Wapo waliotaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Usiwahukumu haraka, mwanangu: walitoka kwenye utawala uliomweka Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na kidonda kilikuwa kibichi. Nyerere alikuwa na kidonda hicho hicho, ila yeye aliona kwamba kumpima mtu kwa rangi ndiko kulikotuumiza. Akasema serikali yake iko tayari kujiuzulu kuliko kukubali uraia wa namna hiyo. Sheria ikapita bila ubaguzi wa rangi. Uraia pacha ukakataliwa, na umekataliwa hadi leo.

Baadaye zikaja kumbukumbu nyingine. Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mpaka wa Rusumo kutoka Rwanda ndani ya saa 24. Mwaka uliofuata mpaka wetu na Burundi ukafungwa, na sheria ya wakimbizi ya 1998 ikawa kali. Nchi ilikuwa imechoka, silaumu.

Lakini nchi hiyo hiyo iliyochoka ndiyo iliyotupa uraia sisi wa 1972, watu wapatao 162,000. Vyeti tulianza kuvipata 2014, baada ya kungoja miaka. Nilipoweka sahihi ya kuukana uraia wa Burundi nilimkumbuka bibi yako, nikalia mbele za watu. Sikuiba kitu, Neema. Niliomba, nikapewa.

Cheti changu cha tajnisi, yaani cha kupewa uraia, kimo kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda, ndani ya bahasha ya kaki. Jumatatu kitoe kopi, urudi pale, umwombe karani fomu usahihishe. Mahali pa kuzaliwa baba, andika Burundi. Nitakusindikiza ukitaka.

Baba yako