Ya ng'ambo ya Ruvuma hayakuanza 2017

Ndugu mhariri, salaam kutoka Tandahimba. Mi msomaji wenu wa siku nyingi ila leo nina nung'uniko kidogo. Kila mkiandika habari za Cabo Delgado, mkoa wa kaskazini mwa Msumbiji ng'ambo ya mto Ruvuma, mnaanzia Oktoba 5, 2017, siku wale vijana wenye silaha walipovamia vituo vya polisi mji wa Mocímboa da Praia, halafu mnamalizia na neno magaidi, basi. Kwani kabla ya hapo watu walikuwa wanakula raha?

Sisi huku tuna ndugu ng'ambo. Baba yangu mdogo alikuwa anachuuza samaki Mocímboa mwaka 2005, Wamwani wa pwani na Wamakonde walipogeukiana kwa sababu ya uchaguzi wa meya, watu wakafa, nyumba zikachomwa moto. Wamwani wengi walikuwa upande wa Renamo, chama cha upinzani wakati huo, Wamakonde ni Frelimo, chama tawala, toka enzi za kumpiga Mreno, na waliopigana wanakula pensheni mpaka leo, mtu wa pwani yeye anaangalia tu. Baba mdogo alifunga biashara akarudi, anasema hata kahawa walikuwa hawanywi tena baraza moja.

Halafu yakaja madini ya rubi ya Montepuez 2009, kulekule Cabo Delgado, ikaja gesi ya Palma, watu wa kijiji cha Quitupo wakaambiwa wahame kupisha mradi. Februari 2017 polisi wakawafurusha wachimbaji wadogo Montepuez, na vijana wetu wa Tanzania wakiwemo, wengine walirudi na nguo walizovaa tu. Miezi nane baadaye ndo Mocímboa. Sisemi waliofukuzwa ndo walioshika bunduki, hapana, ila ukimnyang'anya kijana sululu na shamba ushamuachia nini mkononi?

Na la dini nalo mnalirahisisha mno. Masheikh wa kulekule waliwaripoti hao vijana serikalini kabla ya 2017, walikuwa wanaingia misikitini na viatu wanatukana wazee, ila masheikh hawakusikilizwa ipasavyo.

Oktoba 2020 wapiganaji hao walivuka mto wakaingia kijiji cha Kitaya, hapahapa Mtwara, wakaua watu, kwahiyo msituandikie kama habari za Ulaya. Mtumeni mwandishi akae Kilambo, kwenye kivuko cha mto, hata wiki moja aongee na wanaovuka, mkalimani hana haja naye, Kimwani na Kiswahili ni mtu na ndugu yake. Nauli ya mtumbwi ikiwashinda nitachangia.

Msomaji wenu,
Tandahimba, Mtwara