Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa: skuta za umeme mikononi mwa watoto

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam,

Yah: Kudhibiti mwendo wa skuta na baiskeli za umeme zinazoendeshwa na watoto

Mimi ni fundi baiskeli na pikipiki, Sinza. Kazi yangu ilikuwa kuziba pancha na kubadilisha cheni. Siku hizi naletewa pia vyombo vya umeme, na wenye navyo wengi bado wamevaa sare za shule. Sina ugomvi na vyombo hivi. Havina moshi, na uniti za LUKU ni nafuu kuliko petroli. Ombi langu ni moja: mwendo ubanwe dukani, chombo kabla hakijamfikia mtoto. Kikishaingia mtaani tumechelewa.

Nikueleze kinachofanyika. Skuta, ile ya kusimama juu ya ubao wenye usukani, ina kontrola, kile kisanduku kinachoiamrisha mota. Kwenye kontrola nyingi za bei nafuu kuna kiwaya chenye soketi yake, kazi yake kubana mwendo. Kichomoe, na skuta iliyokuwa ikiishia kilomita 25 kwa saa inapita hapo, nyingine hadi 40 na ushee. Hakuna kukata wala kuchomelea. Baba mmoja alikuja na mwanawe wa darasa la sita, akaniomba nikichomoe kiwaya hicho kwa kuwa wenzake wanamwacha nyuma. Nilipokataa akacheka, akasema mafundi wako wengi. Kweli wako wengi, na hata fundi mwenyewe hahitajiki: video za kuonyesha kiwaya kilipo zimejaa mtandaoni.

Mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya kujigonga inakuwa mara nne. Na mtoto huyo amesimama juu ya ubao mwembamba wenye matairi madogo kama sahani za chai. Tairi la namna hiyo likiingia kwenye shimo la barabara zetu za ndani, au kwenye mchanga ulioletwa na masika, linakwama papo hapo; mtoto ndiye anayeendelea na safari. Anayetembea kwa miguu naye hasikii kitu kikija nyuma yake. Dereva wa bodaboda anatakiwa kisheria avae helmeti, lakini mtoto huyu anapita na kapelo!

Askari wa barabarani nao tusiwaonee. Leseni zetu za pikipiki zimegawanywa kwa ujazo wa injini: A3 haizidi cc 50, A1 haizidi cc 125. Mota ya umeme haina cc. Sasa askari atampima mtoto kwa kipimo gani? Atamwambia ashuke arudi nyumbani, basi. Umoja wa Ulaya wanapima kwa wati na mwendo: ili ihesabiwe baiskeli, mota isizidi wati 250 na iache kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Uingereza, baiskeli hizo ni kuanzia miaka 14. Ujerumani waliporuhusu skuta mwaka 2019, waliweka miaka 14 na kilomita 20 kwa saa. Kwa barabara zetu, mimi ningeshusha mwendo zaidi.

Najua hutungi sheria. Lakini ukiita kikao, TBS (shirika la viwango), TRA (mamlaka ya mapato), polisi wa usalama barabarani na wafanyabiashara wa Kariakoo watakuja. Wakubaliane kwamba skuta ya mtoto ibanwe mwendo ndani ya kontrola yenyewe, si kwa waya wa kuchomoa. Wati na mwendo wa juu viandikwe kwa Kiswahili kwenye fremu. Na isitoke dukani bila helmeti inayomkaa mtoto kichwani. Chaja ziguswe pia, maana wapo wanaochaji usiku kucha chumbani kwa chaja isiyo ya betri ile, na lithiamu ikiwaka si moto wa ndoo moja ya maji.

Halafu kuna njia za baiskeli zilizojengwa pamoja na njia za mabasi ya mwendokasi Barabara ya Morogoro. Bodaboda zinapita humo mchana kweupe. Zikiondolewa, watoto watapata angalau pa kupita.

Wazazi wengi hununua zawadi shule zikifungwa Desemba. Tunaomba kikao hicho kikae kabla ya hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi baiskeli, Sinza